Kiti cha Mama Mkwe

Wa kwanza kuja alikuwa muuza mbao. Alikuja asubuhi na kiti cha mezani kichwani, akakitua mlangoni bila hodi. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa unacheza, na kikalio cha mbao kilikuwa kimepata ufa.

"Nitengenezee hiki," alisema. "Tutakata kwenye lile deni."

Fundi Misumari alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, mdomo umejaa. Ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana wake, na ndivyo alivyopata jina. Ile misumari midogo ya kuwambia kitambaa aliitia mdomoni kwa mkupuo, kisha akawa anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka, pigo moja, umeingia. Mkono wa kushoto hauachi kitambaa kabisa. Mtu anayefanya kazi hivyo hawezi kujibu salamu, sembuse matusi, na katika miezi ile hiyo ilikuwa faida kubwa.

Aliitema misumari kiganjani. "Deni gani? Lile halipo tena."

"Halipo? Na mbao zangu zilikwenda wapi, ulizitafuna?"

"Mahakama imelifuta, na wewe ulikuwepo. Ulipata fungu lako kwenye mnada kama wenzako. Kiti nitakitengeneza, na bei yake nitakutajia. Hutaki, kibebe."

Muuza mbao alicheka bila furaha yoyote. Akasema jambo kuhusu mama mzazi wa fundi ambalo halifai kuandikwa, akakipandisha kiti chake kichwani, akaondoka nacho. Alikwenda akimweleza kila aliyekutana naye njiani, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, kwamba siku hizi muflisi ndiye anayewatajia watu bei.

Fundi akarudisha misumari mdomoni, lakini msumari wa kwanza ukaingia upande. Akaung'oa kwa koleo. Alimchukia muuza mbao, waziwazi na bila haya. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya gundi na kamba tu, asubuhi moja imekwisha. Kuifanya kungekuwa rahisi kuliko kugombana.

Ila alikuwa ameshakata kauli. Siku atakayotengeneza kiti kimoja bure kwa ajili ya deni lililofutwa, kesho yake foleni itaanzia mlangoni pake na kupinda kona. Muuza sponji ana makochi. Muuza vitambaa ana makochi. Mwenye karakana aliyokuwa amepanga ana vitanda, meza na kiti cha kuzunguka cha ofisini. Hakuna mdai asiyekuwa na makalio. Angefanya kazi mpaka anaingia kaburini na wasingesema imetosha, maana hakuna mahali popote palipoandikwa ni lini itatosha.

Zamani kidogo alikuwa mtu. Si tajiri, ila mtu: karakana yenye bati jipya, vijana wa kushona na kuwamba, gari dogo la mizigo lenye picha ya kochi jekundu ubavuni. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, mzee mkali aliyempiga kofi la kisogo kila msumari ulipopinda, na ambaye alimwachia kanuni moja tu ya biashara: bei kabla ya kuvua. Mafundi wa makochi husema kiti huvuliwa na huvishwa, kama mtoto. Kiti kikiwa na nguo zake, wewe na mwenye kiti mko sawa, mnaweza kupatana au kuachana kwa heri. Ukishakivua, umekwisha. Hakibebeki, hakikaliki, na mwenyewe anakutolea macho kama vile wewe ndiye uliyekivunja. Hapo utafanya kwa bei yake yeye.

Kwa kanuni hiyo alikaa vizuri miaka mingi. Halafu ikaja hoteli. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa suti na maneno laini, akataka viti vya ukumbi na makochi ya vyumba vyote kwa mara moja. Fundi alichukua mbao mali kauli, sponji mali kauli, vitambaa mali kauli, na shemeji yake, yaani kaka mkubwa wa mke wake, mwenye duka la vipuri vya magari, akatia akiba yake yote kwa sababu faida ilikuwa inanukia mpaka dukani kwake. Makochi yakatengenezwa, yakapelekwa, yakapangwa. Mwenye hoteli akayeyuka. Benki ikalifunga jengo pamoja na kila kilichokuwa ndani, na mpaka leo ukichungulia dirishani utayaona yale makochi yamekaa na nailoni zake, hayajawahi kukaliwa na kiumbe zaidi ya panya.

Akafilisiwa. Mfilisi aliyeteuliwa na mahakama alipita karakana nzima akiweka alama ya chaki: mashine kubwa ya kushonea, gari, meza za kukatia, hata saa ya ukutani. Alipofika kwenye nyundo, mkasi, sindano ndefu na cherehani ndogo ya mkono, akazipita bila chaki. "Hivi ni vya mkono wako," alisema, "sheria haimkati mtu mkono. Fanya kazi. Ila usikope bila kumwambia anayekukopesha kwamba umefilisika, na usije ukamlipa mdai mmoja kwa mlango wa nyuma. Wote wamepata walichopata, mambo yameisha." Fundi aliyashika maneno yale kuliko mtu anavyoshika dua. Mambo yameisha. Alirudi nyumbani akiwa na mfuko wa vyombo begani na moyo karibu mwepesi.

Kumbe yalikuwa yameisha mahakamani tu.

Sasa alifanyia kazi sebuleni. Mlango wa nyumba waliyopanga ulikuwa mwembamba, kochi likaingizwa na kutolewa kwa dirishani baada ya kung'oa fremu, na watoto wa majirani wakawa wanakusanyika kutazama kama sinema. Familia ilikula jikoni, wamebanana, kwa sababu sebule nzima ilikuwa pamba, vumbi la sponji kuukuu na miguu ya viti vya watu. Kwa kuwa hakukuwa na wa kumkopesha hata reli ya uzi, alibuni utaratibu: mteja anunue mwenyewe kitambaa, sponji na mikanda, yeye auze mikono yake peke yake. Wateja wapya waliupenda utaratibu huo, maana hakuna mahali pa kuibiwa. Waliomjua zamani waliupenda kwa sababu uliwapa la kusema. "Bwana Muflisi leo anauza nini?" waliuliza wakipita dirishani. "Mikono? Haijapigwa mnada bado?"

Hata yule kijana ambaye fundi mwenyewe alimfundisha kazi, aliyejulikana kama Stepla, hakumsalimu tena. Stepla ndiye aliyenunua ile mashine kubwa pale mnadani, pamoja na bunduki ya kupigia pini inayotumia upepo, na sasa alikuwa na banda lake barabarani. Hakutumia msumari hata mmoja. Pini zilitoka tatatata, kiti kimekwisha kabla chai haijapoa, na baada ya miezi michache kilikuwa kimelegea kama meno ya kizee. Watu wakamkimbilia yeye, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinang'aa.

Lakini wote hao walikuwa nzi tu. Simba alikuwa shemeji.

Haki ya kukasirika alikuwa nayo, tusimwonee. Akiba ya maisha yake ilikwenda na ile hoteli, na kwenye mgawo wa mnada alipata kiasi cha kumtia mtu uchungu zaidi ya kukosa kabisa. Ila watu wengine hukasirika wakaumwa, wengine wakanyamaza. Yeye hasira ilimnenepesha. Kila wiki alikuja, akakaa kwa makusudi juu ya kochi la mteja lililokuwa limeshakamilika, na viatu vyake, akaanza.

"Wewe umesamehewa na karatasi. Mimi sikukopesha karatasi. Nilikupa jasho langu, na dada yangu nilikupa pia, na yote mawili umeyatia hasara. Unanisikia?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Ta. Ta. Ta.

"Jifanye kiziwi. Utalipa tu. Hata kwa kushona nitakushonesha. Nikishakupata mimi, na wale wengine watakupata, wameniambia wananingojea mimi." Na kweli walikuwa wanamngojea. Muuza mbao na muuza sponji walikuwa wakikaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri kila jioni, na habari yao ilikuwa hiyohiyo: shemeji akifaulu, njia imefunguka.

Siku moja mke wa fundi alirudi kutoka kwa kaka yake, akakaa juu ya gunia la pamba bila kuvua viatu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu kufilisiwa yalikuwa yamepungua zaidi.

"Mama amekwama kwenye kiti leo," alisema. "Alikaa, akashindwa kuinuka. Alikuwa peke yake. Amekaa hapo mpaka wifi aliporudi."

Kiti hicho fundi alikijua kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe. Alikitengeneza mwaka aliooa, kiti kirefu cha mgongo, chenye mikono mipana ya kushikia, cha kwanza alichokifanya bila mjomba kusimama nyuma yake. Alikibeba mwenyewe mpaka kwa mama mkwe na kukataa hata nauli. Tangu siku hiyo yule mama hakumwita mkwe wala kwa jina. Alimwita baba. Baba umekula? Baba mbona umekonda? Watu waliotaka kumsema fundi mbele yake walijua wangoje atoke kwanza.

"Kile kiti hakiwezi kuzama," alisema fundi. "Springi zake nilizifunga mimi."

"Kaka alimpa Stepla akibadilishe kitambaa. Hakutaka ukiguse wewe."

"Na sasa?"

"Sasa mama anakuita wewe."

"Na kaka yako anasemaje?"

Mke akaangalia viatu vyake. "Anasema nenda tu. Atakata kwenye deni."

Fundi akaweka nyundo chini. "Unaona? Si kiti hicho, ni mtego. Nitakwenda, kwa sababu ni mama. Lakini nitataja bei kwanza, kabla sijakigusa. Kaka yako atalipa kama mteja mwingine yeyote, la sivyo nitageuza."

"Utamtajia mama yangu bei?"

"Nitamtajia mwanawe."

"Kiti ni cha mama," alisema mke. "Mle ndani bei utamtajia mama, hata ukiwa unamwangalia kaka." Akainuka, akaenda jikoni.

Kesho yake fundi alikwenda, mfuko begani, roho juu. Njia nzima alikuwa akikariri: mama, shikamoo, kiti nimekiona, kazi yake ni kiasi fulani, yuko wapi shemeji. Alikuwa amepanga kusimama tu, asikubali hata kukaa.

Mama mkwe alikuwa sebuleni kwa mwanawe, amesimama, ameegemea meza kwa mikono miwili, kwa sababu magoti yake yalikubali kusimama au kukaa juu, lakini kati ya hapo na hapo yaligoma. Mtandio wake ulikuwa na fundo nene kwenye pindo, pale anapoweka pesa zake za dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja. Ulipotelea wapi wewe? Kiti chako kimenifunga jana kama mfungwa."

"Kazi, mama. Pole sana."

"Nishapoa. Hebu kitazame."

Angetaja bei hapo. Maneno alikuwa nayo mdomoni, yamejipanga. Lakini akasema akipindue kwanza kidogo, aone chini tu, ili bei iwe ya haki. Akakilaza ubavu, akachana kile kitambaa cheusi cha chini, na damu ikampanda kichwani.

Mikanda iliyobeba springi ilikuwa imekatika, na Stepla hakuibadilisha. Alikuwa ameshindilia juu yake vipande vya sponji chakavu, vingine vina alama za matope, akafunika kwa kitambaa cha kung'aa na kupiga pini kuzunguka fremu ovyo, mstari unapanda na kushuka. Springi mbili zilikuwa zimelala. Kile kiti, chake, cha kwanza! Fundi hakufikiri tena. Alichomoa koleo akaanza kung'oa pini kwa hasira, moja baada ya nyingine, zinaruka sakafuni. Akachana kitambaa, akatupa sponji, akakata nyuzi za springi zilizolala. Alikuwa akinung'unika matusi kwa yule kijana na kwa mama mzazi wa yule kijana, mbele ya mama mkwe, na yule mama akamwacha. Alipokuja kutulia, kiti kilikuwa mifupa mitupu, na yeye alikuwa ameshajaza misumari mdomoni, mkanda mpya wa kwanza mkononi, mmoja wa ile aliyoinunua mke wake kimyakimya na kuitia kwenye mfuko wake wa vyombo.

Ndipo shemeji alipoingia. Hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa muuza mbao.

"Nilikwambia au sikukwambia?" shemeji alimgeukia mwenzake, uso umechanua. "Si huyo? Ameanza kulipa."

Muuza mbao alikitazama kiti kilichovuliwa, akamtazama fundi, akacheka vizuri safari hii. "Basi mimi nilete kile changu mchana?"

Fundi akaitema misumari yote kiganjani, mate na yote.

"Hii kazi ina bei," alisema, na akaitaja.

"Bei?" Shemeji alijifanya kuangalia huku na huku kana kwamba bei imedondoka mahali. "Si wewe uliyekuwa ukitupigia domo mezani kwangu, bei kabla ya kuvua, bei kabla ya kuvua? Haya, umevua. Sasa visha, ufunge mdomo wako. Hiyo ni riba tu, bado mtaji."

Ilikuwa kweli. Kosa alilolikwepa kwa maisha yake yote, hata kwa wageni, amelifanya hapa, mbele ya watu hawa hawa. Fundi aliona mbele yake muuza mbao na kiti chake, muuza sponji na makochi yake, mwenye karakana na vitanda vyake, wote wanaingia sebuleni kwake kwa dirisha lile lililong'olewa fremu. Akaanza kurudisha vyombo mfukoni. Koleo. Mkasi. Nyundo.

"Unafanya nini?" aliuliza shemeji.

"Naondoka. Kitabaki hivyo."

"Utamwacha mama amesimama?"

"Wewe ndiye unayemwacha amesimama. Una duka zima hapo nje. Toa pesa akae."

"Mwizi wewe! Mwizi aliyepewa cheti na mahakama!"

"Na wewe mlafi! Hukunikopesha kwa huruma, ulinusa faida. Ingepatikana ungechukua nusu, haikupatikana umenikalia kooni. Mwaka mzima unanitukana nyumbani kwangu, mbele ya wanangu. Nimekuvumilia kwa ajili ya huyu mama tu, basi."

"Usimtie mama mdomoni mwako!"

"Nyamazeni," alisema mama mkwe.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameegemea meza. Alimtazama fundi, na alipozungumza hakumwita baba, wala hakumwita chochote.

"Bei yako ni ngapi?"

Muuza mbao akajifanya kuchunguza dari. Fundi alikuwa na nafasi, na aliijua. Angeweza kusema, si kwako mama. Angeweza kupunguza nusu, akasema ni ya mikanda tu. Lakini muuza mbao alikuwa na masikio, na benchi la nje ya duka la vipuri lilikuwa na masikio. Akaitaja tena, ile ile, yote, akiangalia springi sakafuni.

"Mama, usimpe!" alisema shemeji. "Anatudai sisi? Huyu?"

"Kiti ni changu."

Akafungua fundo la mtandio kwa meno na vidole, taratibu, kwa sababu lilikuwa limekazwa. Fundi alidhani ataona pesa za dawa, zile chakavu zilizokunjwakunjwa. Zilikuwa noti safi, zimekunjwa pamoja mara moja tu, vizuri, kama watu wanavyokunja pesa ya kumpa mtu. Na zilikuwa nyingi kuliko bei yake, mbali sana.

"Hizi nilikuwa nimekuwekea," alisema mama mkwe, kama anayeeleza jambo la mtu mwingine. "Tangu jana. Nilisema atanifanyia kiti changu, akiondoka nitamtia mkononi, ya mama na mtoto, asijue mtu. Ajiinue kidogo. Lakini wewe umetaja bei."

Akahesabu bei ile, noti kwa noti, akaiweka juu ya mkono wa kile kiti kilichovuliwa. Zilizobaki akazifunga tena kwenye pindo, fundo likawa nene karibu kama mwanzo.

"Mama," alisema fundi.

"Fanya kazi. Magoti yananiuma."

Shemeji alitoka akigonga mlango. Muuza mbao alibaki kidogo, akiwa hajui aangalie wapi, kisha akatoka naye, taratibu. Fundi akajaza misumari mdomoni. Siku zote aliona kwamba ile misumari ilikuwa inamkinga. Safari hii ilimziba. Alikuwa na mengi ya kumwambia yule mama. Kwamba angemfanyia viti kumi bure kama angekuwa peke yake. Kwamba hakumtajia yeye, aliwatajia hao wengine. Kwamba asingeitaja, angekuwa mtumwa wa mji mzima. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa nyuma ya misumari, na alipomaliza mkanda mmoja alijaza tena haraka kabla ya kuanza mwingine, ili asiyaseme.

Alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Mikanda aliivuta mpaka ikalia kama ngoma ukiigonga. Springi alizifunga kwa mafundo aliyofundishwa na mjomba, kila moja inashikana na jirani zake pande zote. Kile kitambaa cha kung'aa hakukirudisha. Akakitafuta kile cha zamani, ambacho mama alikuwa amekiosha na kukihifadhi kabatini, akakiwamba mpaka hakuna kunyanzi. Mama mkwe alimtazama kutoka kwenye stuli ndefu ya jikoni aliyoletewa na mkwewe wa kike, mke wa shemeji.

Alipomaliza akakisimamisha kiti mahali pake. Yule mama akaja, akakaa. Akaegemea nyuma. Akashika mikono ile mipana, akainuka peke yake, bila kusaidiwa, akakaa tena. Usoni pake palipita kitu kama nafuu.

"Kazi nzuri, fundi," alisema.

Fundi alingoja. Aliufunga mkasi kwenye kitambaa chake, akaokota pini za Stepla zote sakafuni, hata zile zilizoingia chini ya kabati, akiziokota moja moja. Alingoja aulizwe amekula. Yule mama alikuwa amegeuza uso dirishani.

"Mfungulie fundi mlango," alimwambia mkwewe wa kike.

Alichukua pesa yake juu ya mkono wa kiti, akaondoka. Alikuwa ameshinda, na alijua kwamba ameshinda, na njiani alikuwa akitembea kama mtu aliyepigwa. Habari ilikuwa imemtangulia. Alipofika nyumbani alimkuta muuza mbao amesimama mlangoni, kile kiti chake cha mezani kiko chini, na mara hii alibisha hodi ijapokuwa mlango ulikuwa wazi.

"Hiki bei gani, fundi?"

Fundi akaitaja. Muuza mbao akafungua mkono na kulipa, hakubishana, hakumtaja mama wa mtu. "Kama umemtajia yule mama," alisema, "mimi ni nani." Akaenda zake.

Mke wake alitoka jikoni akifuta mikono. Aliona kiti, aliona pesa, akamwona yeye.

"Mama amesemaje?"

Fundi akalifikia kopo, akajimiminia misumari mdomoni, mingi kuliko kawaida, akapiga magoti mbele ya kiti cha muuza mbao. Kiti chenyewe kilihitaji gundi na kamba tu. Mke wake alisubiri jibu, akasubiri, kisha akarudi jikoni.